Namba 151 na mfagizi wa chuo

Ndugu zangu wakiniuliza Marekani kuna nini cha kuiga, hutegemea nitaje barabara. Mimi nataja namba: 151.

Niko kitengo cha bustani na usafi katika chuo kikuu kimoja hapa California. Misitu ikiwaka, moshi wake husafiri mamia ya kilomita. Novemba 2018, moto ulioteketeza mji wa Paradise na kuua watu 85 ulitandaza moshi hadi San Francisco, na vyuo kadhaa vikafuta masomo. Wanafunzi wakajifungia mabwenini. Sawa, lakini vyoo vya bweni havijisafishi.

Mwaka uliofuata jimbo likaweka kanuni. Kipimo cha AQI, yaani kiwango cha uchafu wa hewa, kwa chembe ndogo sana zinazoingia mapafuni (PM2.5) kikifika 151, mwajiri lazima awaarifu wafanyakazi wa nje, awahamishie ndani kwenye hewa iliyochujwa au abadili ratiba, na ikishindikana awape bure barakoa za N95, zile zinazochuja chembe hizo. Kikizidi 500, kuvaa ni lazima.

Msidhani ni peponi. Kwetu boksi la barakoa lilifungiwa kabatini kwa msimamizi, ukiomba unaonekana unadeka. Vibarua wa mkandarasi nao waliendelea kupuliza majani kwa mashine kama kawaida. Ila asubuhi moja mama mmoja wa zamu yetu alitoa simu, akamwonyesha msimamizi 168, akauliza kwa upole: "Leo tunafanyia wapi?" Tukapelekwa maktaba kufuta rafu. Hakugombana na mtu, wala hakuhitaji cheti cha daktari.

Nyumbani sheria tunazo. Tanzania ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, Kenya ina yake ya 2007. Sasa ingia kampasi zetu alfajiri ya kiangazi: mama kajitanda kanga hadi puani, anafagia kwa fagio la chelewa, vumbi limemfunika hadi kope. Akimaliza anakusanya majani, anayatia kiberiti chini ya dirisha la darasa. Mhadhiri akipita anapandisha kioo cha gari. Wanafunzi wanafunga madirisha. Yeye yuko palepale na koleo lake, na hakuna anayeihesabu kuwa hatari ya kazini kwa sababu hakuna aliyeanguka kwenye ngazi.

Habari ya bajeti msiniambie. Kunyunyiza maji kabla ya kufagia kunataka ndoo. Kuozesha majani yawe mboji badala ya kuyachoma kunataka shimo. Na chuo chenye idara ya uhandisi na ya mazingira kishindwe kuweka kipimo kimoja cha hewa getini?

Kikiwekwa, namba ya kusimamisha kazi za nje iingizwe kwenye mkataba wa kampuni ya usafi, maana siku hizi wafagizi wengi ni wa mkandarasi, si wa chuo. Na kwa kuwa mkataba huo mfagizi hauoni kamwe, namba hiyo ibandikwe pia stoo, ukutani, wanapochukulia mafagio.