Sheria ya roboti za tiketi inamwacha mwandaaji

Mlanguzi tuliyemzoea Tanga ni yule wa kusimama nje ya Mkwakwani siku Coastal Union inapocheza na Simba au Yanga. Unamwona, mnapatana bei, akizidisha unaenda zako. Mlanguzi wa mtandaoni humwoni. Desemba 2014, tiketi za onyesho la bendi ya U2 katika ukumbi wa Madison Square Garden, New York, zilipoanza kuuzwa, roboti moja ya kompyuta, yaani programu ya mlanguzi inayonunua tiketi yenyewe, ilinyakua tiketi 1,012 kwa dakika moja.

Marekani ikapiga marufuku roboti hizo mwaka 2016, Uingereza nayo 2018. Wanaoziunga mkono sheria hizi wana hoja: shabiki anayebonyeza simu kwa kidole hawezi kushindana na mashine. Hilo silipingi.

Lakini wanaozitilia shaka wanaeleweka vibaya. Wanaitwa watetezi wa walanguzi, wakati wanachouliza ni jambo la msingi: tiketi zilizogombewa zilikuwa ngapi? Ripoti ya Mwanasheria Mkuu wa jimbo la New York ya Januari 2016, ileile iliyoianika roboti ya tiketi 1,012, ilikuta kwamba katika maonyesho makubwa, kwa wastani ni tiketi 46 tu katika kila 100 zilizotengwa kwa umma. Nyingine 16 ziliwekwa kando kwa wasanii, waandaaji, wafadhili na watu wao, na 38 zikauzwa mapema kwa makundi maalumu, kama wenye kadi za benki fulani. Zaidi ya nusu ya ukumbi imekwisha kugawanywa kabla roboti haijagusa kitu! Shabiki anaambiwa tiketi zimekwisha, analaani roboti, wala hapati mtu wa kumweleza kwamba tangu mwanzo alikuwa akigombea chini ya nusu ya viti. Mfadhili kupewa viti si dhambi, maana onyesho linahitaji fedha. Kibaya ni kuficha idadi.

Na hata huyo mwenye roboti hakamatwi kirahisi. Kesi za kwanza chini ya sheria ya Marekani zilikuja Januari 2021. Wafanyabiashara watatu walitozwa zaidi ya dola milioni 31, kisha wakalipa milioni 3.7 tu kwa kuwa hawakuwa na uwezo wa kulipa zote.

Kwetu tiketi zinazidi kuhamia kwenye kadi na simu, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 haina kifungu cha roboti za tiketi. Siku kifungu hicho kitakapoandikwa, kitanguliwe na kingine: kabla ya mauzo kufunguliwa, mwandaaji, awe wa mechi Mkwakwani au wa tamasha Bagamoyo, atangaze tiketi ngapi zinauzwa kwa watu wote, ngapi zimewekwa kando, na kwa ajili ya nani. Asiyetangaza atozwe faini, kama mwenye roboti.