Mauaji yatokee Kariakoo au kwenye mji ambao haupo?

Ukikaa na watu wanaosoma riwaya za upelelezi na za taharuki humalizi nusu saa bila huu ubishi kuzuka. Kundi moja linasema mwandishi ataje mitaa tunayoijua, Kariakoo, Magomeni, Posta, ili mtu akisoma usiku kesho yake apite pale pale moyo umdunde. La pili linasema hapana, tunga mji wako, tunga kisiwa chako, usije ukaanza kubishana na wasomaji kama kituo cha polisi kiko kushoto au kulia. Mi naona wote wana hoja nzito ila wamekwama kwenye jina la mahali, wakati kinachomnyima msomaji usingizi ni pale mahali panamzuia nini yule aliye hatarini na panamficha vipi yule mbaya wake.

Tuanze na wa mitaa halisi maana hao ndo wengi kwetu. Willy Gamba, mpelelezi wa kwenye riwaya za Elvis Musiba, kuanzia Kufa na Kupona ya 1974, hakuwekwa Dar kwa sababu tu mwandishi anaijua Dar. Mji ule wakati ule ulikuwa umejaa ofisi za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika, Kamati ya Ukombozi ya OAU, umoja wa nchi za Afrika wa wakati ule, ilikuwa na makao yake hapo tangu 1963, na tarehe 3 Februari 1969 Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, chama cha wapigania uhuru wa Msumbiji, aliuawa hapo hapo Dar kwa bomu lililokuja kama kifurushi. Sasa msomaji wa miaka ile ukimwambia kuna majasusi wa makaburu wameingia mjini hana haja ya kushawishiwa, kashasikia redioni. Jina la mji peke yake limeshabeba nusu ya hofu. Stori kama hiyo ukiipeleka kwenye jamhuri ya kubuni yenye rais wa kubuni na mji mkuu wa kubuni inabidi upoteze sura tatu kueleza nani anamchukia nani, na mpaka umalize msomaji kashaenda kupika.

Ila hiyo faida ina gharama, mji halisi haukusubiri wewe. Chukua Kigamboni. Kabla ya daraja kufunguliwa 2016, ukitaka kuvuka toka Kivukoni ni pantoni, la sivyo uzunguke kwa barabara mpaka Kongowe huko. Kwa mwandishi wa taharuki pantoni ni zawadi aisee. Unamfuata mtu, geti linafungwa mbele ya pua yako, chombo kinaondoka na unamwona kabisa amesimama kati ya baiskeli na matenga ya samaki, anakuangalia, maji yenyewe ni kipande kidogo tu lakini huna la kufanya mpaka pantoni irudi. Leo msomaji atakuuliza kwa nini hakurukia bodaboda akapita darajani Kurasini amuwahi upande wa pili. Unaweza kuiokoa kwa kusema stori ni ya 1998, sawa, lakini basi uiandike 1998 yote, sio unaturudishia pantoni alafu jambazi anatuma meseji ya WhatsApp.

Alafu kuna ugonjwa wa kutaja mitaa mfululizo kama konda wa daladala. Akatoka Ubungo akapita Manzese akafika Magomeni akashuka Jangwani, aya nzima, ukimaliza hujui hata kama ilikuwa mchana au usiku. Wakati Jangwani hapo mvua ikinyesha sawasawa barabara inafungwa, mji unakatika vipande viwili, mtu anabaki upande mmoja na mtoto wake upande mwingine. Mahali panakupa tukio la bure wewe unapita!

Mfano ninaoupenda zaidi kwenye ishu hii uko Zanzibar, kwa sababu kuna riwaya mbili zilitoka karibu pamoja kuhusu kisiwa kimoja. M. M. Kaye, Mwingereza, alitoa The House of Shade mwaka 1959, ikaja kujulikana zaidi kwa jina la Death in Zanzibar. Mwaka uliofuata ikatoka Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, ambayo ilikuwa imeshinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau. Bahari ile ile, karafuu zile zile, lakini ni kama waandishi wawili wametua sayari tofauti.

Kwa Kaye mahali ni jumba, linaitwa Kivulimi, jumba la zamani lenye ukuta na bustani, na wanaolalamikiana na kushukiana ndani yake ni wageni wa kizungu. Zanzibar yenyewe inabaki nje ya ukuta, joto na harufu na watumishi wanaoingia na sinia. Wengi wetu tukisoma tunakereka hapo na nadhani tuna haki ya kukereka. Lakini kiufundi lazima tukubali mama huyu alijua anachofanya: kafunga geti, watuhumiwa wanahesabika kwa vidole, msomaji anazunguka nao vyumbani hana pa kutokea. Udhaifu ni kwamba jumba lile ungeweza kulihamishia kisiwa kingine chochote chenye minazi, ukabadilisha majina ya miti, na stori ikaenda.

Abdulla yeye hakuhitaji ukuta. Maiti inakutwa mzimuni, mahali ambapo watu wanapeleka sadaka zao na hawapiti ovyo ovyo. Uoga wa watu ndo geti lenyewe. Anakuja Bwana Msa, mpelelezi wa Abdulla, na kiko chake, anauliza maswali ya mtu ambaye mizimu haimtishi, na msomaji anabaki katikati, nusu anamwamini Bwana Msa nusu bado anasikia sauti ya bibi yake ikimwambia usiende kule. Huo mvutano hauhamishiki. Abdulla alizaliwa Makunduchi 1918 na kabla ya kuingia kwenye magazeti aliwahi kuwa mkaguzi wa afya, na bwana afya ni mtu anayeingia mpaka uani kwa watu, anaangalia kisima, anaangalia choo, anasikia umbea wa kijiji kizima bila kuuliza. Mi naona hiyo kazi inaonekana kwenye uandishi wake, hata kama mwenyewe huenda angecheka kusikia hivyo.

Wa upande wa kubuni watakuletea Agatha Christie, Mwingereza wa riwaya za upelelezi, na hawajakosea. Kisiwa cha And Then There Were None ya 1939 wengi wanakihusisha na Burgh Island, pwani ya Devon kule Uingereza, ambacho maji yakipwa unatembea kwa miguu mpaka bara. Kwenye riwaya hiyo njia ya mchanga haipo, kuna boti tu, inapiga dhoruba, boti haiji. Angebakiza kisiwa halisi kama kilivyo, msomaji wa Devon angemwambia wasubiri maji yapwe wavuke waende zao, riwaya imeisha sura ya nne. Hapo kubuni sio uvivu, ni kuziba tundu.

Sisi wa mwambao tungeweza kufanya kinyume chake, tuyaache maji yafanye kazi. Pwani ya mashariki ya Unguja, Paje na Jambiani kule, bamvua, zile siku za maji makubwa, maji yakitoka yanakwenda mbali kweli kweli, akina mama wanaingia kwa miguu kwenye mashamba ya mwani, na baada ya masaa kama sita pale walipokuwa wamesimama ni bahari. Kila mvuvi anajua leo yanajaa saa ngapi na kesho yatachelewa karibu saa nzima. Mlete sasa mtu wa kutoka bara asiyejua hesabu hiyo, ana haraka, kaficha kitu huko nje karibu na mwamba akiamini ni nchi kavu. Saa imeshaanza kuhesabu na hujaandika bunduki hata moja.

Simu nayo imewasumbua waandishi wengi. Stori ikifika patamu tu utasikia "hakukuwa na mtandao". Mara ya kwanza nitakubali, mara ya tatu unanidanganya. Vizuizi vya kweli vya mazingira yetu viko vingi na vinatisha zaidi: chaji asilimia mbili na umeme umekatwa mtaa mzima, au laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole, maana mtoro akienda kutoa hela kwa wakala ni kama kajitaja jina mwenyewe.

Na nyumba ya kupanga jamani, kwa nini tunaiacha? Vyumba sita, korido moja, choo uani, geti linafungwa saa nne na funguo anakaa nayo mama mwenye nyumba. Mtu anarudi saa nane za usiku shati lina damu. Atagonga? Nani atamfungulia? Ndoo yenye maji ni ya jirani, bomba likifunguliwa linapiga kelele, na dada wa chumba cha tatu ana kichanga kwahiyo yuko macho. Tumezoeshwa kwamba taharuki ni jumba tupu kilimani, upweke, milango inayolia. Kukosa kabisa pa kuwa peke yako kunabana kuliko huo upweke.

Kuna sehemu moja tu naenda moja kwa moja upande wa kubuni, nayo ni pale stori inapogusa uchawi na mauaji ya imani. Wapemba wamechoka kuwa mandhari ya kila mwandishi anayetaka wachawi fasta. Kanda ya Ziwa kumekuwa na mauaji ya vikongwe na ya watu wenye ualbino, mambo ya kweli, yana familia, na ukibandika jina la kijiji halisi kwenye kitu kama hicho kuna watu wanaishi pale na watoto wao wanasoma shule ya pale. Abdulla kwenye Kisima cha Giningi, 1968, alichukua jina la Giningi, nchi ya wachawi ya kwenye masimulizi ya kwetu, ambayo hakuna mtu wa kuja kulalamika kwamba ni kwao. Hofu aliipata yote na hakumchafulia mtu kijiji.

Kwa mengine njia ya katikati inatosha, mahali halisi na kitu kimoja cha kubuni ndani yake. Mabasi ya usiku yameruhusiwa tena tangu 2023, na mi nasubiri mtu aniandikie la Mwanza: abiria hamsini na kitu, taa zimezimwa, linasimama porini watu wachimbe dawa, konda anahesabu vichwa anakuta mmoja kapungua, na begi lake liko kwenye siti. Jina la kampuni tunga kabisa usije ukaletewa barua ya wakili. Barabara usiiguse, na mizani zake na askari wake wa usiku, maana wanaoipita kila wiki ndo watakaokukamata wa kwanza ukidanganya.