Kuahirisha pensheni Uingereza kunamfaa nani?

Anayefikia umri wa pensheni Uingereza (miaka 66, unaopanda polepole hadi 67 kuanzia Aprili 2026) hapati pensheni ya serikali mpaka aidai. Asipoidai, anahesabiwa kuwa ameiahirisha, na kila wiki 9 za kusubiri humwongezea 1%. Mwaka mzima ni karibu 5.8%, nayo hulipwa maisha yake yote. Wazee wetu wengi walio kazini huko wakiisikia hiyo 5.8% huona ni biashara nzuri. Mimi huuliza kwanza: unakatwa kodi kiasi gani leo, na utakatwa kiasi gani ukistaafu?

Pensheni hii hutozwa kodi ya mapato, ingawa huingia benki bila makato. Mamlaka ya kodi huikata kupitia mshahara. Ukiahirisha, miezi hiyo hudaiwi kodi yake.

Chukua muuguzi mkuu wa Leicester anayelipwa pauni 52,000. Mwaka wa kodi wa 2025/26, pensheni kamili ilikuwa pauni 230.25 kwa wiki, karibu 11,973 kwa mwaka. Mshahara wake umeshavuka 50,270, mahali kodi ya 40% inapoanzia, hivyo akiichukua sasa atabaki na 7,184 tu. Akisubiri mwaka mmoja, nyongeza ni kama 692 kila mwaka; akistaafu na kushukia 20%, mfukoni zinabaki 553. Miaka 13 inatosha kurudisha alichokiacha.

Mfanyakazi wa usafi mwenye mshahara wa 20,000 hana bahati hiyo. Leo 20%, na akistaafu akiwa na pensheni nyingine ya kazini, kesho pia 20%: kodi haimpunguzii kitu, na atahitaji miaka zaidi ya 17. Huyo ningemwambia asiache mbachao kwa msala upitao, hasa kwa kuwa chini ya kanuni zilizoanza Aprili 2016 mjane wake harithi nyongeza ile. Asiye na kipato kingine ndiye anayeumia zaidi: leo pensheni yake iko chini ya 12,570 zisizotozwa kodi, ila nyongeza itaivusha.

Hata yule muuguzi ana njia nyingine. Anaweza kuichukua pensheni, kisha akaongeza michango yake katika mfuko wa pensheni wa kazini kwa kiasi kilekile. Nafuu ya kodi kwenye michango inafuta ile 40%, na akifa akiba inabaki kwa familia. Kwangu hoja hii inaipunguzia sana uzito faida ya kusubiri.

Wapo wanaodhani watakwepa kodi kwa kusubiri halafu kudai malimbikizo ya miezi 12 wakishastaafu. Haifanyi kazi: malimbikizo hutozwa kodi kwa mwaka yalipostahili kulipwa, si mwaka yalipopokewa. Waliofikia umri wa pensheni kabla ya 6 Aprili 2016 ndio walioruhusiwa kuchukua mkupuo (fedha zote walizoahirisha kwa pamoja), tena kwa kiwango cha kodi cha mapato yao mengine, bila mkupuo wenyewe kuwapandisha daraja.

Na anayepanga kurudi Mombasa au Tanga? Uingereza haipandishi pensheni kila mwaka kwa wanaoishi Kenya au Tanzania. Zile 692 alizozisubiria zitabaki 692 akiwa na miaka 80, bei ya unga ikiwa imepanda mara ngapi sijui.