Akaunti ya 529: nani hasa anayesamehewa kodi?

Kila mwisho wa Januari, karatasi iitwayo 1099-Q huingia kwenye masanduku ya barua ya Marekani. Hupelekwa kwa mtu ambaye mwaka uliopita alitoa fedha kwenye akaunti ya akiba ya chuo, ile inayojulikana kwa namba tu: 529. Ina visanduku vichache: jumla iliyotolewa, kiasi ambacho ni faida, na kiasi ambacho ni mtaji wa mwenyewe. Nakala nyingine iko IRS, idara ya kodi. Wasioizoea huishika kama hati ya kuitwa mahakamani, ilhali kwa wengi haina deni lolote. Karatasi hiyo inajua fedha zimetoka. Haijui zimekwenda wapi. Na huko zilikokwenda ndiko kunakoamua kodi.

Namba yenyewe ni ya kifungu cha 529 cha sheria ya kodi, kilichopitishwa mwaka 1996 baada ya mvutano mrefu. Jimbo la Michigan lilianzisha mwaka 1986 mfuko wa kulipia ada ya chuo mtoto akingali mdogo. IRS ikataka kuutoza mfuko huo kodi, jimbo likaenda mahakamani, na mwaka 1994 likashinda katika rufaa. Kongresi ikaona heri jambo hilo liwe na sheria yake. Mwanzoni faida ilitozwa kodi, ila siku ya kutolewa na kwa kiwango cha mwanafunzi. Mwaka 2001 ndipo ikasamehewa kabisa kodi ya serikali kuu mradi iende kwenye elimu, na mwaka 2006 msamaha huo ukafanywa wa kudumu.

Unachoweka humo kimeshalipiwa kodi ya serikali kuu, kwa hiyo kuingia hakuna nafuu, isipokuwa ile ambayo majimbo mengi hutoa kwenye kodi yao. Nafuu kubwa iko kwenye kutoka. Ukitoa kwa ajili ya ada, vitabu, vifaa, kompyuta na intaneti, au chumba na chakula cha mwanafunzi anayechukua angalau nusu ya masomo ya kawaida, faida haitozwi kitu. Ukitoa kwa jambo jingine, sehemu ya faida inahesabiwa kuwa kipato chako na kuongezwa adhabu ya asilimia 10. Mtaji hauguswi. Tiketi ya ndege ya likizo kwenda Mombasa si gharama ya elimu. Petroli nayo si gharama ya elimu, hata kama gari haliendi popote ila chuoni.

Hoja ya wanaoupinga msamaha huu ni fupi: unawasamehe wasiohitaji kusamehewa. Ili tusibaki kwenye maneno matupu, tupige hesabu mbili.

Tumchukue mtu wa kubuni, tumwite Baba Asha, dereva wa lori anayeishi Columbus, Ohio. Mkewe anahudumia wazee kwenye nyumba ya kutunzia wagonjwa. Tangu 2010 wameweka kidogo kidogo, mwezi mwingine dola 100, mwezi mwingine hakuna kwa sababu kulikuwa na msiba nyumbani na michango haingoji. Wamefikisha mtaji wa dola 15,000, na soko limeongeza 9,000. Kwa kipato chao, je, faida hiyo ingetozwa kodi gani kama wangeiweka kwenye akaunti ya kawaida ya hisa? Kwa mwaka 2025, wanandoa wanaojaza fomu pamoja, ambao kipato chao cha kutozwa kodi hakizidi dola 96,700, wanalipa asilimia sifuri kwa faida ya muda mrefu, yaani ya hisa zilizokaa zaidi ya mwaka. Tena hicho ni kipato baada ya kuondoa punguzo la kawaida, sehemu ya kipato isiyotozwa kodi, la dola 31,500. Yaani serikali kuu inamsamehe Baba Asha kodi ambayo hata hivyo asingeilipa.

Kinachobaki ni Ohio. Jimbo linaruhusu kupunguza kwenye kipato hadi dola 4,000 kwa mwaka kwa kila mtoto, na kiwango cha kodi cha watu wa kipato chao ni asilimia 2.75. Kwa viwango hivyo, mtaji wote wa 15,000 umempa nafuu ya dola 412 hivi, na faida ya 9,000 imeepuka kodi ya jimbo ya dola 247. Jumla ni kama dola 660 tu, kwa miaka 15.

Hesabu ya pili ni ya babu na bibi wenye mali, mwana wao daktari wa upasuaji. Sheria inawaruhusu kuweka kwa mkupuo zawadi zisizotozwa kodi za miaka mitano: kwa mwaka 2025 ni dola 95,000 kila mmoja, 190,000 kwa wawili, bila kugusa kiasi wanachoruhusiwa kugawa maishani mwao bila kodi ya zawadi. Fedha hizo zikiongezeka maradufu hadi mjukuu afike chuo, faida ni nyingine 190,000. Watu wa kiwango cha juu hulipa asilimia 23.8 kwa faida ya namna hiyo. Hapo 529 imewaokolea zaidi ya dola 45,000. Sheria ni ileile, fomu ni ileile, na mjukuu na Asha huenda wakakaa darasa moja.

Ofisi ya ukaguzi ya Kongresi, GAO, iliandika kuhusu hili mwaka 2012. Iligundua kwamba mwaka 2010 familia zenye akaunti za namna hii hazikufika asilimia 3 ya familia zote, na kwamba mali zao za kifedha zilikuwa karibu mara 25 ya zile za familia zisizo na akaunti, ukilinganisha za katikati kwa katikati. Takwimu hiyo imezeeka, na akaunti zimeongezeka sana tangu hapo, lakini hesabu mbili za juu haziitegemei.

Kwa nini basi msamaha huu haujaondolewa? Ulijaribiwa. Januari 2015 Rais Obama alipendekeza faida ya fedha zitakazowekwa baadaye itozwe tena kodi, na mapato yasaidie kupanua nafuu nyingine za elimu. Pendekezo halikumaliza mwezi. Wabunge wa vyama vyote viwili walilikataa, na ikulu ikalirudisha kabatini. Wako wanaosema ni kelele za matajiri. Mimi naona hilo ni nusu ya ukweli. Miongoni mwa waliopiga kelele walikuwamo watu wengi wa kati, ambao kwa hesabu ya kodi hawakuwa na kikubwa cha kupoteza. Walikuwa na kitu kingine: waliambiwa wawekeze kwa ajili ya watoto, wakaitika, na sasa serikali inageuka. Hata kama pendekezo halikugusa fedha zilizokwishawekwa, nani alisoma hadi hapo?

Na watetezi wana jambo ambalo wapinzani hulipita haraka. Thamani ya 529 kwa mtu wa kawaida haiko kwenye kodi. Iko kwenye ugumu wa kuitoa. Aliyewahi kuweka akiba huku simu za nyumbani zikilia anajua: fedha iliyo karibu ina wenyewe wengi. Ukiweza kusema kwa kweli kwamba "hiyo ni ya chuo, ukiitoa inakatwa", umepata ngao ambayo akaunti ya benki haina. Adhabu ya asilimia 10, inayolaaniwa sana, ndiyo kufuli. Pia kuna hesabu ya misaada ya masomo. Akiba ya 529 ya mzazi huhesabiwa kwa kiwango kisichozidi asilimia 5.64 pale serikali inapopima uwezo wa familia kulipia chuo ili ipange misaada, wakati fedha zilizoandikwa kwa jina la mtoto mwenyewe kwenye akaunti ya kawaida huhesabiwa kwa asilimia 20. Kwa dola 24,000 za Baba Asha, tofauti hiyo ina uzito kuliko kodi yote tuliyoitaja.

Hata hivyo kufuli hilo halimfai kila mtu. Mnufaika, yaani yule ambaye akaunti imefunguliwa kwa ajili yake, lazima awe na namba ya utambulisho ya kodi ya Marekani, kwa hiyo mpwa anayesoma Tanga na asiye na namba hiyo hawezi kuandikwa, hata kama ada yake inatoka mfuko uleule. Na mifuko mingi inayofuata umri wa mtoto huhamia kwenye hatifungani kadiri siku za chuo zinavyokaribia. Hatifungani ni riba, na wapo Waislamu waliokaa kando kwa sababu hiyo tu. Hao hawamo kwenye hesabu ya mtu yeyote.

Lakini hasara kubwa ya familia kama ya Baba Asha haitokani na nani kasamehewa zaidi. Inatokana na nafuu mbili za serikali hiyohiyo zinazogombania risiti moja. Mbali na 529 kuna nafuu ya kodi iitwayo American Opportunity, inayofikia dola 2,500 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi, kwa miaka minne. Huhesabiwa asilimia 100 ya dola 2,000 za kwanza za ada na vitabu, na asilimia 25 ya 2,000 zinazofuata. Katika hizo, hadi dola 1,000 hulipwa taslimu hata kwa asiyedaiwa kodi. Huanza kupungua kwa wanandoa wenye kipato cha zaidi ya 160,000 na kuisha kwenye 180,000. Hii ndiyo nafuu iliyokatwa kwa kipimo cha Baba Asha, na yule daktari wa upasuaji haipati ng'o.

Masharti: dola 4,000 zilizotumika kupata nafuu hii haziwezi kutumika tena kuhalalisha fedha za 529. Tuseme ada ya Asha, baada ya misaada, ni dola 6,000, na baba yake, kwa furaha ya kwamba akiba imewadia, anatoa 6,000 zote kwenye 529. Akikaa hivyo bila kudai nafuu, hana kodi wala kosa, na amepoteza dola 2,500. Akiidai, ada iliyobaki kwa ajili ya 529 ni 2,000 tu. Faida iliyomo kwenye 6,000 ni 2,250, na theluthi mbili yake, dola 1,500, inaingia kwenye kipato. Adhabu ya asilimia 10 haipo, kwa kuwa sheria inaiondoa pale ambapo sababu ni nafuu hii. Kwa kiwango cha asilimia 12 ni kodi ya dola 180. Lipa 180, pokea 2,500! Na kuna njia safi zaidi: dola 4,000 za kwanza za ada zilipwe kutoka mfukoni au hata kwa mkopo, na 529 ibebe ada iliyobaki, chumba na chakula, ambavyo nafuu haivigusi. Hata chumba cha kupanga nje ya chuo kinakubalika, mradi kisizidi makadirio ya gharama ambayo chuo chenyewe kimeyatangaza. Fedha zitolewe ndani ya mwaka uleule wa kalenda gharama ilipolipwa, na risiti zitunzwe.

Hapo ndipo ninapoungana na wapinzani, ingawa kwa njia yangu. Utaratibu ambao mwenye mshauri wa kodi anaupitia usingizini, na asiye naye anapoteza dola 2,500 bila hata kuandikiwa barua, si utaratibu wa kuelimisha watoto wa nchi.

Badala ya kuurahisisha, Kongresi imekuwa ikiupanua. Mwaka 2017 iliruhusu hadi dola 10,000 kwa mwaka kulipia shule za msingi na sekondari, zikiwamo za binafsi. Mwaka 2019 ikaongeza mafunzo ya ufundi kazini na dola 10,000 za maisha za kulipa mkopo wa masomo. Sheria ya Julai 2025 imepandisha kikomo cha shule hadi 20,000 kuanzia 2026, na kuingiza vyeti vya ufundi. Vyeti navikubali kwa mikono miwili. Leseni ya fundi umeme ni elimu kama elimu nyingine. Shule za binafsi ni hadithi nyingine. Akiba inahitaji miaka ili faida ikue, na fedha iliyowekwa Januari na kutolewa Septemba haijakua. Kinachopatikana ni punguzo la kodi ya jimbo kwa mtu ambaye angelipa ada hiyo kwa vyovyote. New York imekataa kufuata: kwa kodi yake, kutoa fedha za 529 kwa ajili ya shule ya sekondari bado si matumizi halali.

Kuna majimbo yaliyojaribu mlango mwingine. Maine humwekea kila mtoto mkazi anayezaliwa ruzuku ya dola 500, fedha za taasisi ya hisani ya Alfond, bila mzazi kuomba. Oklahoma ilianza jaribio mwaka 2007: watoto wachanga waliochaguliwa kwa bahati nasibu wakafunguliwa akaunti yenye dola 1,000, wengine wakaachwa kama walivyo ili walinganishwe. Walioachwa, wachache tu ndio wazazi wao walifungua akaunti wenyewe. Kumbe tatizo lilikuwa mlango kabla ya kuwa kodi. Ningekuwa na kura, waliokwishaweka wangebaki na msamaha wao, zawadi za mkupuo zingewekewa dari, na kinachookolewa kingeingia kwenye akaunti za watoto wa akina Baba Asha siku wanapozaliwa.

Asha anamaliza chuo mwakani na huenda akabakiza dola 3,000. Tangu 2024 masalio kama hayo yanaweza kuhamishiwa kwenye akaunti yake ya uzeeni ya Roth IRA, hadi dola 35,000 katika maisha yake, ikiwa 529 imefikisha miaka 15 na yeye ana kipato cha kazi. Ya kwao imefikisha. Lakini yupo mdogo wake, darasa la saba, na kubadili jina la mnufaika ndani ya familia hakutozwi kodi.