Wakala, mchezaji na kipaza sauti

Katika mahafali ya kidato cha nne niliyohudhuria wilayani Ilemela, beki wa zamani wa timu moja ya jijini Mwanza alipewa kipaza sauti baada ya risala ya wahitimu, akaeleza kwa dakika kama kumi na mbili jinsi goti lilivyomtoa uwanjani akiwa na miaka 26, na ukumbi uliokuwa ukipiga soga tangu asubuhi ukanyamaza. Alipomaliza alipewa soda, akapigwa picha na wahitimu, kisha akakabidhiwa bahasha ambayo mwalimu mmoja aliiita nauli. Mzazi aliyeketi nyuma yangu, mfanyabiashara wa dagaa pale Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, alinong'ona kwamba kijana yule ana mali ila hana dalali.

Mfano wake ulikuwa mzuri kuliko alivyodhani. Dalali wa mwaloni hakuvua samaki wala hana mtumbwi, lakini anamjua mnunuzi wa leo na anakata chake katika kila mzigo. Mvuvi humlalamikia jioni, na alfajiri humrudia. Je, wakala wa michezo, ambaye kazi yake kuu ni kujadili mikataba ya usajili, naye amuuze mchezaji wake kama mzungumzaji wa hamasa mashuleni, kwenye mabenki, kwenye semina za migodi ya Geita na katika makongamano?

Wanaokubali wana hoja nzito. Maisha ya uwanjani ni mafupi, na kwa soka la Mwanza hayatabiriki: Toto Africans, Mbao na Alliance zote zimewahi kucheza Ligi Kuu na zote zikashuka, huku Pamba ikikaa nje zaidi ya miaka ishirini kabla ya kurejea mwaka 2024. Timu ikishuka, mshahara hushuka nayo au hukatika kabisa, lakini simulizi la mchezaji halishuki daraja. Wala simulizi halihitaji kuwa la ushindi. Mkimbiaji wa Tanzania, John Stephen Akhwari, alimaliza wa mwisho katika marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, goti likiwa limefungwa bandeji, na kauli inayonukuliwa kuwa yake, kwamba nchi yake haikumtuma kuanza mbio bali kuzimaliza, ingali inarudiwa kwenye majukwaa ya hamasa duniani na watu ambao hawajawahi kukimbia hata kilomita tano.

Ipo sababu nyingine, ambayo naiona kubwa zaidi kwa mazingira yetu. Mchezaji aliyealikwa na mwalimu mkuu au na askofu hawezi kumtajia mwenyeji wake bei bila kuonekana amekosa adabu. Wakala anaweza. Anauliza mapema ni watu wangapi, ni dakika ngapi, nani analipia usafiri na malazi, anaandika ankara, na bahasha ya nauli inageuka malipo yenye stakabadhi.

Upande wa pili unaanzia kwenye fedha. Kanuni za mawakala za FIFA zilizoanza kutumika Januari 2023 zinamtaka wakala afanye mtihani na awe na leseni, na ziliweka ukomo wa kamisheni: asilimia 5 ya malipo ya mchezaji yasiyozidi dola 200,000 kwa mwaka, na asilimia 3 kwa kinachozidi hapo, ingawa ukomo huo ulisimamishwa mwishoni mwa mwaka huohuo kutokana na kesi zilizofunguliwa Ulaya. Hotuba na matangazo huhesabiwa kuwa huduma nyingine, nje ya ukomo huo. Waandishi wa kanuni waliuona mwanya, wakaweka dhana kwamba huduma nyingine zinazotolewa ndani ya miezi 24 kabla au baada ya uhamisho ni sehemu ya uhamisho wenyewe, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Hofu yao haikuwa ya bure: anayebanwa mkono wa kulia hujaribu wa kushoto.

Simulizi nalo huharibika. Likishakuwa bidhaa hupikwa, na kila ukumbi njaa ya utotoni huongezewa siku. Sitalikuza hili, kwani hata wahamasishaji wasio na wakala wanalifanya.

Linalonisumbua zaidi ni shule. FIFA humzuia wakala kumfuata mtoto mpaka ibaki miezi sita afikie umri wa kusaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa katika nchi husika, tena kwa idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi. Mwanza ina watoto wengi wenye vipaji, na anayempeleka nyota shuleni kuhamasisha nidhamu anaweza kutoka getini na namba za simu za wazazi kumi bila kuvunja kanuni yoyote iliyo rahisi kuthibitisha. Kwa hiyo ningependa ziara za shule zipangwe na klabu au shule yenyewe, na wakala abaki na benki na migodi.

Kwa huko sioni ubaya, mradi mkataba wa hotuba uwe karatasi tofauti na ule wa uwakilishi, wenye kamisheni yake na muda wake, na mchezaji awe huru kuuvunja bila kugusa ule mwingine. Kwa aliye bado kikosini, mialiko isubiri mapumziko ya ligi. Aliyestaafu ndiye anayeihitaji kazi hii zaidi, na hapo ndipo mawakala hawaonekani, kwa sababu hana tena uhamisho wa kuwaletea.

Nilimfuata yule beki nje, akisubiri daladala ya kwenda Kisesa. Ndani ya bahasha mlikuwa na shilingi 30,000. Nilimuuliza kama hakuona haja ya kuwa na wakala wa kumpangia mambo kama haya, akasema aliwahi kuwa naye, na namba yake bado anayo, ila tangu lile goti akipiga haipokelewi.