Kijijini muuaji anajulikana

Wasomaji wengi wa riwaya za upelelezi wanaamini kijiji hakiifai kazi hiyo. Kijijini kila mtu anamjua mwenzake, wanasema, na siri haikai. Mpelelezi atapeleleza nini? Mjini ndiko kwenye vichochoro, gesti na watu wasiojuana majina. Wengine wanakwenda mbele zaidi: kuandika mauaji ya shamba ni kuwapaka matope watu ambao tangu zamani mjini wanaitwa washamba. Hoja hii ya pili inaniuma, na nitaifikia. Ile ya kwanza nadhani imeanza na jambo la kweli kabisa, kisha ikapotea njia.

Tukumbuke kwamba riwaya yetu ya upelelezi ilizaliwa shamba. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, Unguja, alishinda shindano la uandishi la 1957-58 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, kitabu kilichochapishwa 1960. Maiti inaokotwa penye mzimu, na mpelelezi wake, Bwana Msa, na kiko chake anatafuta mkono wa binadamu pale ambapo wengine wanaona mkono wa mizimu. Baadaye njia ikaelekea mjini. Willy Gamba, mpelelezi wa riwaya za Elvis Musiba, alipoingia mwaka 1974, adui alikuwa jasusi, na jasusi hana shughuli na kijiji. Zama zile zilidai hivyo. Lakini hata majasusi walipopungua vitabuni, shamba halikurudiwa sana. Kwingine wamelirudia: Ann Cleeves alianza mwaka 2006 mfululizo wake wa riwaya za visiwa vya Shetland, kaskazini ya Uskoti, vyenye watu takriban 23,000. Ni rahisi kumlaumu kwamba vifo vya vitabuni mwake vimezidi vya visiwa vyenyewe. Kwetu, kwa bahati mbaya, mwandishi hana haja ya kubuni vifo.

Mwaka 2005 mwanauchumi Edward Miguel alichapisha utafiti wake wa wilaya ya Meatu, Usukumani, uliohusu vijiji 67. Katika miaka ya mvua haba mno au nyingi mno, yaani ukame au mafuriko, mauaji ya wanaoitwa wachawi yalikuwa mara mbili ya miaka mingine. Mauaji ya aina nyingine hayakupanda. Waliouawa wengi walikuwa wanawake vikongwe, na kwa kawaida waliowaua ni jamaa zao.

Nimeirudia takwimu hii mara nyingi na bado inanikosesha raha. Imani ya uchawi ipo mwaka mzima, mvua ikinyesha vizuri na isiponyesha. Kama imani peke yake ingekuwa inaua, ingeua kila mwaka kwa kiwango kilekile. Kumbe panga linatoka ghala likiwa tupu. Na kati ya ghala tupu na panga kuna jioni nyingi: kuna aliyeanza kulitazama bakuli la bibi, kuna aliyemkumbusha mwenzake mtoto aliyefariki mwaka juzi, kuna aliyesikia akanyamaza. Kuna pia macho. Bibi ana macho mekundu kwa sababu kuni hakuna, na kwa miaka hamsini amepikia mavi ya ng'ombe na mabua. Moshi wa jiko alilowapikia wajukuu ndio unaogeuzwa ushahidi dhidi yake. Na tusisahau kwamba mara mbili ni wastani. Vipo vijiji ambako ukame ulifika na bibi akaendelea kuota jua mlangoni pake. Nani alisimama mbele ya mlango ule? Mwandishi wa riwaya anahitaji kumjua huyo kama anavyohitaji kumjua muuaji.

Nikiwa darasa la tano, shangazi alinichukua kwenye msiba wa mwanamke mzee, mwendo wa nusu siku kutoka kwetu. Sikuambiwa amekufaje, nikawa nasikiliza. Kila mgeni aliyefika akiuliza alijibiwa, "Alianguka." Hakuna aliyesema aliteleza, wala aliugua. Alianguka, kwa wanaume chini ya turubai na kwa wanawake penye masufuria; neno lile lile, kana kwamba limegawiwa asubuhi pamoja na uji. Kijana mmoja alikuwa akizunguka na birika na beseni, akitunawisha kabla ya kula, ameinamisha kichwa kwa adabu. Nilinawa, nikala.

Ni kweli siri haikai kijijini. Lakini kujua ni jambo moja na kutamka ni jingine. Mpelelezi wa mjini anamtafuta aliyeona. Wa kijijini amezungukwa na walioona, anamtafuta wa kwanza atakayekubali kusema, naye kesho atakwenda kuteka maji kisima kilekile. Sungusungu, walinzi wa jadi walioanza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980, walilifahamu jambo hili vizuri: moja ya adhabu zao nzito ilikuwa kumtenga mtu. Hasalimiwi, hasaidiwi shambani, akifiwa hapati mtu. Shahidi wa kijijini ana hofu hiyo kabla hajatishwa na yeyote. Nani anahitaji bastola hapo, au magari yanayofukuzana?

Sasa ile hoja ya matope. Wanaoisema wana haki ya kusikilizwa, kwa sababu tumeona hadithi ambazo kijiji ni ngoma, fuvu na mganga mwenye kibuyu, zimeandikwa na mtu aliyekaa huko siku tatu. Hata Bwana Msa, niliyempenda tangu utoto, anakuja na akili zake na kuwakuta wengine na hofu zao. Halafu kuna waliofiwa kweli, na bibi yao si burudani ya msomaji wa kwenye basi. Kwa hao jibu langu ni la nusu tu. Naona kunyamaza hakujawalinda. Kumelilinda lile neno "alianguka". Lakini riwaya ikimfanya bibi kuwa maiti tu ya ukurasa wa kwanza, basi wapingaji wameshinda. Apewe jina, shamba, ugomvi wake na mkwe, tumbaku aliyoipenda. Na mganga asionekane mwishoni kuwa alikuwa amesema kweli.

Ningetaka pia mpelelezi asishuke kutoka Dar es Salaam na kuondoka kesi ikiisha. Kwa sensa ya 2022 karibu watu wawili katika kila watatu Tanzania wanaishi vijijini, na miongoni mwao wako wanaoweza kuifanya kazi hiyo: mtendaji, mwalimu mkuu, nesi wa zahanati aliyeliona jeraha na kujua kwamba kuanguka hakukati mtu namna ile. Nesi huyo atabaki pale. Atawazalisha wake wa wale anaowashuku.

Shangazi nilikuja kumuuliza nikiwa mtu mzima, kwa nini siku ile hakuna aliyesema kitu. Alikuwa anapepeta karanga, hakuinua uso.

"Mwanangu, tungesema nini, na aliyekuwa anatunawisha mikono ndiye yeye?"