Hao wameshindwa kuezeka?

Mamangu alipoiona picha niliyotuma ya Kirkstall Abbey, kuta ndefu nyeusi hazina paa, nyasi zimekatwa vizuri na mbwa wa mtu ajipitia, alijibu kwa sauti: "Sasa mwanangu, hao na utajiri wote huo wameshindwa kuezeka?"

Nilicheka peke yangu ndani ya basi. Naishi Leeds, Uingereza, mwaka wa tisa sasa, na magofu hayo hayako mbali nami. Yalikuwa makao ya watawa tangu 1152, hadi Mfalme Henry wa Nane alipowatoa mwaka 1539, alipokuwa akizifunga nyumba za watawa nchi nzima na kuchukua mali zao. Weusi wa mawe ni masizi ya viwanda. Nikamweleza mama hayo yote, akasema haya, Mungu awape paa.

Kikundi cha familia lakini kilijaa mashallah. Kanisa halisaliwi, na watu wa Kibokoni, kwetu Mombasa, walishangilia! Silaumu, kwani mwenye kuianza fujo hii ni mimi. Kila Jumapili niko njiani na simu mkononi, leo York, kesho Durham.

Kisha siku moja mwenzangu kazini akaniuliza, kwenu kuna jengo gani la kale? Nikajibu kwa mbwembwe: msikiti wa Mandhry, watu wanaswali humo tangu 1570. Akataka kuuona. Nilipekua simu mpaka chai ikapoa. Biriani, harusi, ufuo wa Mama Ngina wakati wa magharibi, biriani tena. Ule mnara mweupe niliokuwa nikiupita kila jioni nikienda chuoni nimeupata katika picha moja tu, tena nusu yake imezibwa na kichwa cha binamu yangu.

Niliona haya, sitaficha. Huku watoto wa shule huketi nyasini wakachora matao ya Kirkstall saa nzima. Sisi tulipelekwa Fort Jesus mara moja, tukapanda mizinga, tukala mikate yetu, tukarudi. Kitu cha kwetu hatukioni mpaka mgeni akipige picha, na mimi nimekuwa mgeni wa watu wengine kabla ya kuwa mwenyeji wa kwetu.

Basi Agosti niliporudi nyumbani nikapanda matatu ya Mtwapa, nikashuka, nikaenda kwenye magofu ya Jumba la Mtwana. Nilikuwa karibu peke yangu. Ukiusogelea ukuta waona matumbawe yenyewe, vijitundu kama sega la nyuki, na chokaa bado imeshika tangu karne ya 14. Nyumba zina vyoo ndani, karne hiyo! Kando ya msikiti wa ufuoni kuna kaburi lililoandikwa aya ya kila nafsi itaonja mauti, na mawimbi yasikika hapo hapo. Kirkstall haikunifanya hivyo hata siku moja. Kule nahesabu miaka, hapa nilijikuta nasoma Fatiha.

Nikatuma picha kumi na mbili. Mashallah hazikuja. Baada ya saa nzima binamu yangu yule yule wa kichwa, anayekaa Bamburi, akauliza: "Hapo wapi, Oman?"

Mama akamjibu kabla yangu. "Oman gani na mibuyu hiyo? Hapo Jumba." Kisha akanigeukia mimi: "Na wewe umeshinda huko kutwa, ubuyu hukuniletea?"